Gari Linalia, Fundi Anakata

Mfyuu! Nimesonya kwa nguvu mpaka dada wa chapati akageuka, mwiko mkononi. Dada, nisamehe, si wewe. Ni hii Noah iliyofika hapa ikisukumwa na vijana wanne, jasho linawatiririka, betri imelala kabisa, na dereva wake anaapa kwamba betri hiyo kainunua siku tisa tu zilizopita. Betri mpya! Ya kwanza aliiacha kwa muuza vyuma chakavu kwa sababu fundi aliyemfungia redio alimwambia imechoka. Ya pili nayo ikaanza kugoma asubuhi. Sasa fundi yuleyule amegeuza kauli: alteneta haichaji, atafute nyingine.

Jamani, hebu tuongee. Kijiwe chetu kiko Tandika, chini ya mwarobaini, na pembeni yetu kwa miaka mingi anakaa mzee mmoja fundi umeme wa magari. Hana duka wala kibao. Ana benchi, sanduku la mbao, taa ya kupimia, na mita ya njano ambayo kioo chake kimepasuka kona moja. Sisi tunamwita Mzee tu. Noah ilipoegeshwa, Mzee hakuigusa. Aliuliza swali moja.

"Mwanangu, ukichomoa ufunguo, redio inazima?"

Dereva akafikiri. "Haizimi, Mzee. Naizima mwenyewe kwa kubonyeza. Fundi aliniambia hizi skrini za Android ndivyo zilivyo."

Sivyo zilivyo! Na hapo ndipo niliposonya. Redio ya kununua dukani ina waya mbili za umeme chanya. Wa njano unatoka kwenye betri moja kwa moja, usiku na mchana, ndio unaoilisha redio na kuitunzia kumbukumbu. Mwekundu unapata umeme pale tu ufunguo unapofika ACC, ile hatua ya kabla ya kuwasha injini, na kazi yake ni kuiambia redio amka, au lala. Fundi mwenye haraka hataki kuhangaika kutafuta umeme wa ACC ndani ya dashibodi. Anausokota mwekundu na wa njano pamoja, redio inawaka, mteja anachekelea, pesa inalipwa. Kumbe redio imenyimwa usingizi. Skrini inaweza kuwa nyeusi huku ndani inafanya kazi, na ule waya wa bluu wenye mstari mweupe unaoamsha amplifaya nao unaweza kubaki na umeme, basi vinakesha vyote viwili. Vikivuta ampea moja tu kwa saa 12 za usiku, ni ampea-saa 12 zimeondoka. Betri nyingi za magari yetu haya ni za ampea-saa 40 hadi 60. Gari likilala Ijumaa jioni, Jumatatu unatafuta watu wa kusukuma.

Mzee akafungua dashibodi kwa kisu cha plastiki, taratibu, asivunje hata pini moja. Tukachungulia wote. Waya mwekundu na wa njano zimesokotwa pamoja kama msuko wa mtoto, juu yake kumezungushwa selotepu. Si tepu nyeusi ya umeme. Selotepu! Ile ya kufungia zawadi, ambayo joto la dashibodi la Dar es Salaam linaiyeyusha gundi kwa wiki moja. Nikatazama pembeni, maana hasira ilinifika kooni.

Mimi yamenikuta, ndiyo maana nasema kwa uchungu. Nilipoweka amplifaya na sabufa kwenye IST yangu, siku ya pili tu ukaanza mlio. Wiii. Mwembamba, wa juu, umekaa nyuma ya muziki. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka, kana kwamba injini inaimba kupitia spika. Nilimpelekea fundi mmoja, sitamtaja. Akasikiliza nusu dakika akasema redio imekufa. Nikanunua redio. Wiii. Nikaenda kwa mwingine, akasema amplifaya ni feki. Nikanunua amplifaya. Wiii. Wa tatu akataka kuniuzia kichujio cha kelele, tena akaniambia nisipokinunua nitaua spika. Kila mmoja alipokea pesa yangu, na hakuna hata mmoja aliyetoa mita mfukoni. Nilikaa mwezi mzima naendesha bila muziki, na mke wangu ananiuliza ile redio na ile amplifaya za kabatini ni za nini.

Nikamwendea Mzee kwa aibu, kwa sababu ningeweza kumwendea siku ya kwanza. Anakaa hatua ishirini kutoka ninapokunywa kahawa.

Akanikalisha kwenye kiti cha dereva. "Ufunguo weka ACC, injini usiwashe." Muziki ukatoka safi. "Washa." Wiii. "Kanyaga kidogo." Wiiii, ukapanda. "Hiyo ni alteneta," akasema, na hakuishia hapo kama wale wengine ambao wangenipeleka kununua alteneta. Alteneta inazalisha umeme unaopanda na kushuka. Daiodi zilizomo ndani zinaunyoosha, lakini yanabaki mawimbi madogo juu yake, na kasi ya mawimbi hayo inafuata kasi ya injini. Magari yote yenye alteneta yana mawimbi hayo, na mengi hayalii. Kwa hiyo alichokuwa anatafuta Mzee ni mlango. Mawimbi yameingilia wapi kwenye muziki?

"Shusha sauti mpaka sifuri." Nikashusha. Muziki ukapotea, mlio ukabaki palepale, haukupungua hata chembe. Mimi sikuelewa kitu, lakini Mzee alikuwa tayari amekata nusu ya safari. Mlio ungeshuka pamoja na sauti, maana yake ungekuwa umeingia kabla ya kitufe cha sauti, upande wa redio. Umebaki vilevile, basi umeingia baada ya hapo. Ndiyo kusema redio yangu ya kwanza, ile niliyoambiwa imekufa, ilikuwa nzima. Nilikaa pale nimeshika usukani nikaikumbuka iko kabatini.

Akachomoa kwenye amplifaya zile waya za sauti zenye vichwa vyekundu na vyeupe. Kimya kabisa, injini inaunguruma na spika haisemi neno. Kwa hiyo amplifaya nayo haina kosa. Akaniomba simu, akahakikisha haiko kwenye chaji ya gari, ijitegemee kwa betri yake, akaiunganisha kwenye amplifaya badala ya redio. Wimbo ukatoka mweupe. Redio nzima, amplifaya nzima, simu nzima. Mlio unazaliwa pale tu redio na amplifaya vinaposhikana mkono. Ilikuwa haijatimu robo saa, na vitu viwili nilivyonunua kwa mwezi mzima vilikuwa vimeshafutiwa mashtaka.

Hapo ndipo akaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Watu wote wanahangaikia umeme unaokwenda, na hakuna anayeuliza unarudi kwa njia gani. Redio inarudisha umeme wake kwenye bodi la gari huko nyuma ya dashibodi. Amplifaya inarudisha kupitia boliti iliyoko chini ya kiti. Sehemu mbili hizo zikiwa hazilingani, hata kwa tofauti ndogo, umeme wa kurudi unatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ni ule waya mwembamba wa sauti. Muziki unapita humo, na mlio wa alteneta unaupandia mgongoni.

Akaunga waya mrefu kwenye ncha moja ya mita, akaupeleka mpaka hasi ya betri kule mbele, ncha nyingine akaigusisha kwenye hasi ya amplifaya. Muziki uko juu, injini inawaka. Mita ikaonyesha 0.68. "Hapa panatakiwa pawe karibu na sifuri," akasema. "Pointi moja juu ya sifuri nitaivumilia. Hii ni karibu saba."

Akalala chali, kichwa chini ya kiti, akafungua boliti. Natamani kila mwenye gari aone nilichokiona. Jicho la waya, lile la shaba, limegeuka kijani kama sarafu iliyookotwa baharini. Na chini yake, pale ambapo chuma cha gari kilitakiwa kigusane na shaba, kulikuwa na rangi. Rangi ya kiwandani ya kijivu, nzima, inang'aa kama siku IST ilipotoka Japani. Fundi wa kwanza alilegeza boliti ya kiti, akachomeka jicho, akakaza. Umeme wote wa kurudi ulikuwa unapita kwenye nyuzi za ile boliti, nyembamba na zenye kutu, maana rangi haipitishi kitu. Mzee akachagua sehemu nyingine ya chuma, akaipiga msasa mpaka ikawa nyeupe duara la shilingi mia mbili, akabana jicho jipya, akapaka grisi kidogo juu ili chumvi ya hewa ya pwani isilirudie. Akanionya pia nisikubali kamwe fundi yeyote atumie boliti ya mkanda wa usalama. Ile ina kazi ya kuokoa roho.

Mita: 0.03. Nikawasha, nikakanyaga, nikasubiri. Sikusikia chochote. Nikakanyaga tena. Nikazima muziki nikaweka sikio kwenye spika ya mlango kama mtoto. Kimya.

Kipande cha msasa na jicho la waya. Hivyo tu.

Ndiyo maana siku hizi mtu akija kijiweni akisema spika zake zinalia, wa kwanza kuropoka ni mimi: umepima hasi? Na tukumbuke tunaishi wapi. Hapa kwetu hewa ina chumvi, na masika yakishika, kuna barabara za Temeke na Jangwani maji yanaingia mpaka chini ya viti, hapohapo watu wanapoficha amplifaya. Maji yanakauka baada ya siku mbili, kutu inabaki inafanya kazi yake kimyakimya, na mlio unaanza mwezi wa saba wakati mwenye gari ameshasahau mvua. Kama gari lako liliwahi kuonja maji, anzia kwenye viungo vya hasi kabla hujafikiria kununua hata skrubu.

Sasa turudi kwenye rangi za waya, maana hili ndilo linaloniumiza zaidi na ndilo lililotoa moshi pale barabarani wiki mbili zilizopita. Rangi nilizotaja, njano wa kudumu, mwekundu wa ACC, mweusi wa hasi, ni za redio za kununua. Gari lina rangi zake! Toyota nyingi, waya wa kudumu ni wa bluu wenye mstari wa njano, wa ACC ni kijivu, hasi ni kahawia. Na ile soketi ndogo ya pini 6 ina mwekundu pia, ila huo ni chanya ya spika ya nyuma kulia. Ina mweusi, nao ni chanya ya spika ya nyuma kushoto. Ina wa njano, nao ni hasi ya spika hiyohiyo. Umeshaona balaa linakokwenda?

Kijana mmoja, tena mwenye adabu zake, ana Probox ya kubebea mayai. Fundi alikata soketi ya gari, ile ya kiwandani, kwa koleo, akaanza kuunga rangi kwa rangi. Mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, njano kwa njano. Redio ikagoma kuwaka, bila shaka, maana imeungwa kwenye spika. Fundi hakurudi nyuma kujiuliza. Akavuta waya mpya kutoka kwenye betri akauongeza juu ya ule wa njano na ule mwekundu, akavuta mwingine wa hasi kutoka kwenye bodi akauongeza juu ya mweusi, na viungo vya mwanzo akaviacha. Redio ikawaka! Lakini fikiria: volti 12 zimeingia kwenye hasi ya spika, na chanya ya spika imefungwa kwenye bodi. Spika ya omu 4 imewekwa moja kwa moja kwenye betri. Kumi na mbili gawa kwa nne ni ampea 3, wati 36 za joto mfululizo kwenye koili nyembamba kama uzi. Na fyuzi ya ampea 10 haiwezi kukatika kwa ampea 3, kwa hiyo hakuna kilichomlinda. Kijana alifika kwenye kona yetu, moshi unatoka kwenye mlango wa nyuma kushoto, trei za mayai zimejaa nyuma yake. Tushushe mayai kwanza au tukate betri kwanza? Watu walikuwa wanapiga kelele. Mzee alikwenda moja kwa moja mbele, akafungua boneti, akalegeza hasi ya betri kwa spana namba 10. Moshi ukafa.

Na kuna soketi ya kuunganishia! Inauzwa Kariakoo, upande mmoja unaingia kwenye Toyota, pini 10 na pini 6, upande wa pili una rangi za redio. Hukati chochote. Bei yake haifiki ya spika moja. Kila gari lililokatwa soketi ya kiwandani ni gari ambalo fundi wa kesho ataanza kazi gizani, na mwenye gari atalipia giza hilo.

Nitasema neno moja kwa ajili ya mafundi wetu wa zamani, kwa sababu si haki kuwatukana wote. Wapo wanaounga hasi za spika zote pamoja na kuzifunga kwenye bodi, na wanafanya hivyo kwa kuwa redio walizojifunzia ujanani nyingi ziliruhusu. Redio za sasa haziruhusu. Kila waya wa spika, chanya na hasi, unabeba karibu nusu ya volti za betri, na zote mbili zinasukuma muziki. Ukiufunga mmoja kwenye bodi, chipu ya ndani inachemka, na kama haina kinga inakufa. Redio inayopiga dakika tano ikakata, ikapoa, ikapiga tena, mara nyingi inalalamikia hilo, au waya wa spika uliochubuka na kugusa chuma. Kosa ni la kukosa kuambiwa. Basi tuambiane.

Dada mmoja wa Vitz alikuja na kero ya aina nyingine. Spika ya mlango wake ilikuwa inapiga mlango ukiwa wazi, ukiufunga inanyamaza. Alishaambiwa spika imeungua. Spika iliyoungua haijui mlango uko wazi au umefungwa! Mzee alipima tu kuhakikisha: mita kwenye omu, ikasoma 3.6, na spika ya omu 4 mara nyingi husoma tatu na ushee. Ingesoma mstari uliokatika, koili ingekuwa imekatika. Kisha akachukua betri ndogo ya tochi, ya volti moja na nusu, akagusisha sekunde moja. Koni ikaruka nje, tap, kwa hiyo chanya na hasi zimekaa sawa. Akavuta ule mpira mweusi kama mkonga ulioko kati ya mlango na nguzo. Ndani yake waya mmoja umekatika kwa kukunjwa miaka na miaka, ncha zake zinagusana mlango ukiwa wazi. Akalehemu, akavalisha mpira. Dada akalipa, akaondoka anafunga na kufungua mlango hata akiwa amesimama kwenye foleni.

Halafu kuna la FM, ambalo halina fundi wa kulaumiwa, lakini watu wanapoteza pesa. Redio ya gari la Japani imetengenezwa kwa masafa ya Japani: megahezi 76 hadi 90, na matoleo ya miaka ya karibuni yanafika 95. Sisi tunatangaza mpaka 108. Ndiyo maana mtu anasema redio yake "inachagua": hapa Dar anaipata Wasafi FM, 88.9, na EFM, 93.7, haipati. Haina ugonjwa. Inaishia 90. Wanafunga kile kidude cha bendi ekspanda kwenye waya wa antena, kinachoyashusha masafa. Cha kushusha 14 kitaileta EFM kwenye 79.7, sawa, lakini 88.9 kitaisukuma mpaka 74.9, chini ya 76, ambako redio haifiki. Mtu anarudi analalamika kwamba fundi kamwibia stesheni. Cha kushusha 12 kitaileta 88.9 kwenye 76.9, ila juu kitaishia 102. Redio ina nafasi ya megahezi 14 na bendi yetu inahitaji 20, hesabu haitakaa. Uliza kinashusha ngapi kabla hujafunga, chagua kulingana na stesheni unazozipenda. Na kile kidude kinataka umeme. Kikikosa, stesheni zote zinakauka na mtu anaanza kununua antena. Lingine dogo: ile kadi iliyoko kwenye redio ya ramani ya Toyota, msiitoe mkaifuta mpate nafasi ya picha za simu. Redio nyingi za aina hiyo hazifanyi kazi bila kadi yake, zitabaki zinaiomba kwa Kijapani kila asubuhi.

Lakini yote hayo ni usumbufu na pesa. Fyuzi ni uhai, na hapa sicheki na mtu. Nimeona kwa macho yangu kwenye kiota cha fyuzi ya amplifaya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imekunjwa vizuri, imechomekwa. Nimeona waya wa shaba umezungushwa kwenye fyuzi iliyokatika "ili isikatike tena." Mfyuu! Fyuzi ikikatika imekusemesha. Kuna mahali umeme unavuja, nenda katafute. Ukiiziba mdomo, kitakachokatika badala yake ni waya, na waya haukatiki kabla haujawaka, nao umepita chini ya zulia, chini ya kiti cha mtoto. Fyuzi kuu ya amplifaya ikae karibu na betri, isizidi nusu mita, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Nimeona nyingine iko kwenye buti, pembeni ya amplifaya, na mita nne za waya mnene zimepita kwenye ukuta wa injini bila hata mpira, makali ya bati yanausugua kila gari likitikisika. Na huo waya mnene wenyewe, kwaruza ncha yake kwa kisu kabla hujalipa. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Uwezo wake unakaribia theluthi mbili tu za shaba halisi, hivyo unene unaouona unakudanganya.

Haya, Noah. Mzee alikata ule msuko, akatenganisha. Akachukua taa ya kupimia, akaibana hasi kwenye chuma, akaanza kugusa waya za gari moja moja. Ufunguo ukiwa umetolewa, mmoja ukawasha taa: huo wa kudumu, akaupa wa njano. Akamwambia dereva aweke ACC. Waya wa kijivu ukawasha taa. Atoe. Ukazima. Aweke. Ukawaka. "Huu ndio uliokuwa unatafutwa," akasema, akaunga mwekundu hapo, akalehemu, akafunga tepu nyeusi mizunguko mitano.

Nikaleta IST yangu ikae pua kwa pua, tukaishtua Noah kwa betri yangu. Ikawaka. Mzee akachomoa nyaya, akaweka mita kwenye betri ya Noah injini inanguruma: 14.1. Akamgeuzia dereva kioo kile kilichopasuka kona aisome mwenyewe. Alteneta inachaji, haina neno. Tukaiacha injini iende kwanza betri ipate nguvu, kisha dereva akazima na kuchomoa ufunguo. Skrini ikafa papo hapo, na ile taa nyekundu ya amplifaya chini ya kiti ikafa nayo.

Dereva akabaki ameushika ufunguo, anaiangalia skrini nyeusi. Halafu akaniuliza kama namjua yule muuza vyuma chakavu anayepita hapa na mkokoteni, kama huwa anakaa na betri siku ngapi kabla hajazipeleka kupima kilo. Dada wa chapati akamjibu kwamba jana alipita, mkokoteni ukiwa mtupu.